Mtoto akikosa Misa ya Jumapili, anyimwe namba kwenye timu ya shule ya parokia?

Mleta mada (mzazi)

Wadau, naomba tulijadili hili hapa kwa utulivu, maana kwenye kikao cha wazazi tulishindwa. Shule ya parokia wanakosoma wanangu imekuja na pendekezo lenye vipengele viwili. Cha kwanza: kila mwanafunzi Mkatoliki aliye kwenye timu ya shule, iwe mpira, riadha au kuogelea, atapewa kadi ya mahudhurio. Baada ya Misa ya Jumapili anaipeleka sakristia, kile chumba cha padre kujiandalia Misa, ikagongwe muhuri. Akikosa mihuri miwili ndani ya mwezi, hapangwi kwenye mechi inayofuata. Cha pili: anayefeli somo lolote, mafundisho ya dini yakiwemo, anakaa nje ya timu wiki sita.

Cha pili nawaachia walimu waanze. Cha kwanza nakipinga, na nakipinga nikiwa Mkatoliki ambaye Dominika, yaani Jumapili, utanikuta benchi la tatu kutoka mbele, kwa hiyo mtu asipoteze muda kunihubiria umuhimu wa Misa. Wajibu upo. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inauweka wazi, na kwa Kanuni ya 11 sheria hizo zinaanza kumhusu mtoto akishatimiza miaka 7. Ninachouliza ni kingine: mtoto wa miaka 9 anafikaje kanisani? Haendeshi gari. Si yeye anayeamua Jumapili nyumba iamke saa ngapi. Wenzake wengine wazazi wametengana, Jumapili hii yuko kwa mama, ijayo yuko kwa baba ambaye kanisa alishaliaga zamani. Kanuni ya 793 inasema wazazi ndio wenye wajibu wa kumlea mtoto. Sasa baba akilala, mtoto ndiye anakaa benchi?

Halafu kuna Mtakatifu Yohane Bosco (Don Bosco), padre Mwitaliano mlezi wa vijana maskini, ambaye picha yake imetundikwa ukutani pale pale shuleni. Mwaka 1877 aliandika kijitabu kifupi kuhusu namna yake ya kulea vijana, ile ya kuzuia kosa kabla halijatokea badala ya kusubiri kuliadhibu. Humo anaonya kwamba vijana wasichoshwe wala wasilazimishwe kupokea sakramenti, bali watiwe moyo na wapewe nafasi. Mtu aliyewafahamu watoto wa mtaani kiasi kile, na uwanja wake ukiwa umejaa michezo, hakuona haja ya kadi. Sisi tumeona nini asichokiona yeye?

Katekista

Ndugu mzazi, nimekusoma vizuri. Ila kijitabu ulichokitaja umekisoma upande mmoja. Katika kijitabu hicho hicho Don Bosco anasema kitubio cha mara kwa mara, Komunyo ya mara kwa mara na Misa ya kila siku ndizo nguzo za kushikilia jengo la malezi. Ya kila siku, si ya Jumapili tu. Alichokataa ni kumsukuma kijana akaungame au akakomunike bila kuwa tayari, na hapo nakubaliana naye kabisa. Kuhudhuria Misa kulikuwa kwenye ratiba ya nyumba yake kama lilivyokuwa somo na chakula. Kwa hiyo Don Bosco usimtumie kama wakili wako, atakugeuka.

Mimi nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Nakwambia ninachokiona: mtoto anaifahamu ratiba ya ligi kwa kichwa, mechi ipi ugenini, nani amepewa kadi nyekundu, lakini ukimuuliza Jumapili iliyopita Injili ilihusu nini anatazama dari. Huyo hajazaliwa hivyo. Sisi watu wazima tumemfundisha kwa vitendo kipi kina uzito. Ukikosa mazoezi mawili kocha hakupangi, na sijawahi kusikia mzazi analalamika kwamba mtoto hana gari. Ajabu, usafiri wa kwenda mazoezini hupatikana kila mara!

Michezo ni ziada. Shule inaitwa ya parokia kwa sababu ya ile altare.

Mhitimu wa shule kama hiyo

Nilisoma shule yenye utaratibu huu, sitaitaja. Kadi zetu alikuwa anazibeba kijana mmoja mtumishi wa altare, anaingia nazo sakristia kumi kwa mpigo. Mwaka mzima nilikuwa na mihuri yote na sikuwa nasikia hata wimbo wa mwanzo.

Kocha

Katekista, heshima zako, ila hiyo ya "michezo ni ziada" siwezi kuiacha ipite. Kanuni ya 795 inataka malezi yamkuze mtoto mzima, vipaji vyake vya mwili, maadili na akili vikue kwa uwiano. Mwili umetajwa humo. Na ile kaulimbiu ya awali ya Olimpiki, "kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi", Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki za kisasa, aliichukua kwa padre Mdominikani, Henri Didon, aliyewaambia wanafunzi wa shule yake kule Arcueil, Ufaransa, mwaka 1891. Ilitoka kwenye mashindano ya shule ya Kikatoliki. Mtume Paulo mwenyewe alipowaandikia Wakorintho habari za kujinyima alichukua mfano wa wakimbiaji uwanjani.

Lakini kuhusu mazoezi umenipata. Kweli nampiga mtu benchi akikosa mazoezi. Tofauti ninayoiona ni kwamba asiyefanya mazoezi anaweza kuumia au kuwaangusha wenzake, hivyo adhabu inatokana na jambo lenyewe. Kumtoa uwanjani kwa ajili ya Misa ni kama kumnyima kitabu cha jiografia kwa sababu hakufua soksi. Mtoto haoni uhusiano, anaona mabavu tu.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki, na hakuna aliyekisema kwenye hicho kikao, nina uhakika. Nani anaiandikisha timu kwenye mashindano ambayo nusu fainali inachezwa Jumapili asubuhi? Mtoto? Ni shule. Shule inalipa kiingilio, inakodi basi, saa moja asubuhi watoto wako njiani, kisha Jumatatu shule hiyo hiyo inauliza muhuri uko wapi. Nimefundisha mpira wa kikapu miaka 11 na nimeshiriki dhambi hiyo, sijitoi. Msimu uliopita tulijaribu kitu: mechi ya Jumamosi ikiisha, timu nzima inakwenda Misa ya jioni na jezi zao. Kanuni ya 1248 inaruhusu, Misa ya jioni ya siku iliyotangulia inatimiza wajibu wa Dominika. Hakukuwa na muhuri wala orodha. Walikuja hadi wale ambao kwao hakuna anayekwenda kanisani, kwa sababu timu ilikuwa inakwenda na basi la shule ndilo lilikuwa linawarudisha. Huyo mtoto ambaye kwao hakuna anayesali ndiye ambaye kadi itamfukuza kwanza. Ukimtoa kwenye timu, umemkatia kamba pekee iliyokuwa inamfunga na parokia.

Mzazi asiye Mkatoliki

Naomba na mimi niseme, kwa kuwa mwanangu yuko shule ya namna hii ingawa sisi si Wakatoliki. Nimesoma pendekezo mara mbili: kadi ni ya "mwanafunzi Mkatoliki". Maana yake wangu anacheza kila mechi hata tukilala hadi saa sita mchana, na rafiki yake aliyebatizwa anakaa nje. Watoto si wajinga. Muhula hautaisha kabla mmoja hajamuuliza mama yake kama anaweza kuacha kuwa Mkatoliki hadi fainali ziishe.

Wala msitatue hilo kwa kumpa kadi na mwanangu. Kanisa lenu lenyewe, Kanuni ya 748, linasema mtu asishurutishwe kuipokea imani kinyume cha dhamiri yake. Tulipomwandikisha tulikubali asome dini yenu darasani na akae kwa heshima kwenye sala. Hapo panatutosha.

Mwalimu wa hisabati

Mmekiacha kipengele cha pili kana kwamba hakina shida. Kina shida.

Wazo la "ukifeli huchezi" si geni. Jimbo la Texas kule Marekani lilipitisha sheria hiyo mwaka 1984: mwanafunzi akipata chini ya 70 katika somo, nje wiki sita. Baada ya miaka kumi na kidogo wakapunguza hadi wiki tatu. Tuwaulize kwa nini walipunguza kabla ya sisi kuanzia walikoanzia wao. Wiki sita kwa mtoto wa miaka 10 ni msimu wote. Akishajua msimu umekwisha, ana sababu gani ya kushika tena kitabu? Mimi ningependa kupimwa kila wiki. Ijumaa naangalia kazi zake. Kama hajamaliza, mechi ya wikendi hachezi lakini mazoezini anakwenda. Ijumaa inayofuata tunaanza upya. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuutumia mwili kila siku, na mimi kama mwalimu naziona hizo dakika darasani: aliyekimbia jana anakaa kitini leo.

Na hili la kuhesabu alama za dini. Hati ya Vatikano ya mwaka 1988 kuhusu sura ya kidini ya elimu katika shule ya Kikatoliki inatofautisha somo la dini na katekesi. Somo lina mtihani kama hisabati yangu, linapima mtoto anajua nini. Katekesi inamkuza katika imani, na mahali pake hasa ni familia na parokia, ingawa shule inasaidia. Basi mtihani wa dini uhesabiwe kama masomo mengine, sawa, ila tusijidanganye kwamba aliyepata 90 ndiye anayesali. Ninaye mmoja anayezitaja sakramenti zote saba bila kupumua na ndiye anayewaonea wadogo pale kwenye foleni ya bomba.

Mwisho, shule za Kikatoliki zina deni la kitaaluma linalosahaulika. Kanuni ya 806 inawataka wakuu wa shule wahakikishe elimu inayotolewa humo ni bora angalau sawa na ya shule nyingine za eneo hilo. Nasikia tukibishana mihuri na makombe. Maabara ya sayansi haina hata mtetezi.

Padre

Nimesita kuchangia, maana muhuri huo nitagonga mimi. Baada ya Misa kuna anayetaka kuungama, kuna mgonjwa wa kupelekewa Komunyo, kuna mjane anataka kuongea dakika tano. Sitaki nisimame pale kama karani wa zamu na foleni ya kadi.

Hata hivyo sitamwachia mleta mada ashinde kirahisi. Waamini wengi wasio na mtoto shuleni wanachangia shule hii kwa sadaka zao. Familia ikiichukua kama shule nyingine yoyote nzuri, tofauti yake ni msalaba ukutani tu, parokia ina haki ya kuuliza tunafanya nini hapa. Mnasema mzigo ni wa wazazi? Vizuri, tuwabebeshe wao. Siku ya kuandikisha mtoto, mzazi Mkatoliki akae na mimi nusu saa, aahidi kwa mdomo wake Jumapili ataileta familia. Akipotea miezi mitatu nitamtembelea nyumbani. Wangapi kati yenu mko tayari paroko abishe hodi?

Mleta mada (mzazi)

Katekista, kwa Don Bosco nimekubali, nilimkata katikati. Nilikisoma tena kijitabu usiku ule ule na nguzo zako zimo. Lakini kwake ile Misa ilikuwa ndani ya nyumba walimoishi vijana, na yeye akiwa nao. Hakumwambia mtoto ajipeleke peke yake kisha alete ushahidi. Alichofanya kocha na basi lake kinakaribiana na Don Bosco kuliko kadi.

Baba paroko, mimi uje hata kesho.

Kikao kijacho nitapendekeza tugeuze sheria iibane shule badala ya mtoto: hakuna mazoezi wala mechi Jumapili kabla ya saa sita mchana, na mashindano yakipanga hivyo tunakataa, hata ikiwa fainali, hata tukipokonywa pointi. Najua itauma. Binti yangu ni golikipa na aliposikia alininunia siku mbili. Kipengele cha pili kiandikwe alivyosema mwalimu, kupimwa kila wiki, mazoezi yasiguswe.

Jambo moja dogo. Nimeiona sampuli ya kadi yenyewe. Ina visanduku vinne kwa mwezi na kila kimoja kimeandikwa "Jumapili". Binti aliuliza, wakienda Misa ya Jumamosi jioni na timu, muhuri unagongwa wapi? Mezani tulikuwa watu wazima kumi na wawili, hatukuwa na jibu.

Katekista

Kisanduku cha Jumamosi kitaongezwa, hilo ni kosa letu. Na miezi yenye Jumapili tano pia hatukuifikiria. Kadi bado naitetea, lakini nauliza: kama shule itaacha mechi za Jumapili asubuhi kama unavyotaka, na bado nusu ya timu isionekane kanisani, mleta mada utakuwa tayari turudi mezani?

Mleta mada (mzazi)

Nitarudi. Tupeane msimu mmoja, na kocha awe shahidi.

Kocha

Basi nianze kupiga simu. Droo ya kwanza imeshatoka na tumepangwa Jumapili, saa tatu asubuhi.