Tupeane uzoefu: Paka mwenye fuwele kwenye mkojo mnamlisha nini?

Bi Nyau
Wakuu, habari za saa hizi. Nina paka dume, amehasiwa, mnene kiasi, maisha yake yote ni ndani ya nyumba. Majuzi alianza kuingia kwenye mchanga wake, anachuchumaa, anatoka, anarudi tena, na kinachopatikana ni tone moja lenye wekundu. Kwa daktari akazibuliwa kwa mpira, mkojo ukapimwa, zikaonekana fuwele, yaani chembe ngumu za madini, za aina ya struvaiti. Nimeambiwa nibadilishe chakula, na hapo ndipo kila mtu ana lake. Huyu anasema chakula maalumu cha daktari tu, yule cha kopo chochote kinatosha, mwingine nyama mbichi. Maneno ya kwenye matangazo nimeshayasoma. Nataka kusikia kwa walioishi na jambo hili: mnawapa nini, na matokeo yakoje?

Fundi Kimya
Pole sana dada. Angalau umeambiwa ni za aina gani, wengi huambiwa "ana fuwele" halafu basi. Zinazosumbua paka zaidi ni mbili, struvaiti na oksaleti ya kalsiamu, na chakula cha moja si cha nyingine. Struvaiti hujengeka mkojo ukielekea kwenye alkali, yaani kinyume cha asidi, magnesiamu na fosforasi zikiwa nyingi. Uzuri wake ni kwamba hata likishakuwa jiwe, chakula huliyeyusha. Oksaleti haiyeyuki kwa chakula chochote, jiwe likiwepo litolewe.

Dume wangu alikuwa na struvaiti, na eksirei ikaonyesha kijiwe kwenye kibofu. Akawekwa kwenye chakula cha kuyeyusha, chenye magnesiamu kidogo na kinachouvuta mkojo kwenye asidi. Picha iliporudiwa wiki kadhaa baadaye, kijiwe hakipo. Ila sharti lake ni gumu kuliko mnavyodhani: asile kitu kingine hata kimoja. Kwangu kazi ilikuwa kwa watu, si kwa paka. Watoto wanamdondoshea vipande chini ya meza, mama mkwe anamwonea huruma anamchotea maziwa. Ilibidi awe anafungiwa chumbani wakati wa kula. Sasa hivi amehamishiwa kwenye chakula cha kudumu cha kuzuia, maana kile cha kuyeyusha hakikukusudiwa kuliwa maisha.

Mlezi wa Wawili
Mimi nitawaudhi wenye vyakula maalumu. Paka wangu jike anakula cha kopo cha kawaida na yuko salama. Siri ni maji. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 au chini ya hapo, cha kopo ni 75 hadi 80. Asili ya paka ni nchi kame, kiu yake ni hafifu, kwa hiyo anayekula kikavu hanywi maji ya kutosha kufidia pengo. Mkojo unakuwa mzito, madini yanakutana.

Kila mlo naongeza vijiko viwili vitatu vya maji ya vuguvugu na kukoroga mpaka iwe rojorojo. Nyumbani kipimo changu ni mabonge ya mchanga wa choo uliolowa mkojo. Zamani yalikuwa madogo na magumu, siku hizi makubwa, na mengi kwa siku. Kwa daktari wanapima ukolezi wa mkojo, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji, wetu anataka usome chini ya 1.035, ukishuka chini ya 1.030 anafurahi zaidi.

Fundi Kimya
Kwenye maji niko na wewe asilimia mia. Lakini wako ni jike, na hajawahi kuwa na jiwe. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno, ukiziba potasiamu inapanda mwilini na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Wa Bi Nyau ameshaziba mara moja. Hapo mimi sibahatishi. Chakula maalumu kipo pia cha kopo, achukue hicho, apate vyote viwili.

Mlezi wa Wawili
Hilo nakubali. Kwa dume aliyeziba ningefanya hivyo hivyo.

Kipusi
Wangu ni upande wa pili, oksaleti. Daktari aliniita nichungulie kwenye hadubini: struvaiti hufanana na mfuniko wa jeneza, za kwangu zilikuwa kama bahasha, mraba wenye X katikati. Alifanyiwa upasuaji. Yeye hatafutiwi asidi kabisa, mkojo ukiwa na asidi sana oksaleti ndipo inaponawiri. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walipunguza magnesiamu na kuongeza asidi kwenye vyakula vya paka, struvaiti ikapungua, oksaleti ikapanda. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia weka siki ya tufaha kwenye maji, kimbia. Chakula cha daktari tayari kimeshapimwa asidi yake, ukiongeza ya kwako unaharibu hesabu.

Na mkojo upimwe ungali mbichi. Ukikaa kwenye friji, fuwele hujitengeneza humo humo kwenye chupa, halafu paka anapewa ugonjwa asio nao.

Jirani Mwema
Nyama mbichi kweli hakuna anayetumia? Si ndiyo asili yake?

Kipusi
Mkuu, porini paka anakula panya mzima, na mifupa na maini yake. Nyama tupu ina fosforasi tele na kalsiamu karibu hakuna. Anayepika nyumbani awe na fomula ya daktari wa lishe ya wanyama, na taurini, kirutubisho cha lazima kwa paka, isisahaulike. Tangu 1987 inajulikana kwamba upungufu wake hupanua moyo wa paka. Supu ya mifupa kwa ajili ya maji ni sawa, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu.

Mama Chui
Bi Nyau, tatizo litakalokupata ni kukataa kula. Wangu alinusa chakula kipya akafukia sakafu kama anafukia choo. Changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kipashe moto kidogo kitoe harufu, weka kwenye sahani pana. Usiseme "akiona njaa atakula." Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujazana kwenye ini, na hilo ni gonjwa jingine. Akigoma kabisa mwambie daktari, ladha ziko nyingi.

Bi Nyau
Asanteni sana. Swali moja: nina paka mwingine mdogo, ana miezi saba, hana shida yoyote. Wale pamoja?

Fundi Kimya
Hapana. Chakula cha kuyeyusha si cha paka anayekua wala mwenye mimba. Kwangu ni vyumba viwili, mlango unafungwa nusu saa, kisha sahani zote zinaondolewa hata kama kuna kilichobaki. Habari ya bakuli la kikavu kushinda limejaa kutwa nzima iliishia hapo.

Bi Nyau
Sawa mkuu. Mdogo anajua kufungua milango, nitaanza na kitasa.