Michoro ya vekta haionekani kwenye mwongozo wa mashine ya kubangua korosho

fundi_ligula:
Wakuu, habari za jioni. Tuna mwongozo wa mashine ya kubangua korosho, michoro 14, yote SVG (faili la mchoro wa vekta, yaani wa mistari) kutoka Inkscape, programu ya kuchorea. Kwenye kompyuta ya ofisi, Windows, michoro yote inatokea. Tukizipandisha kwenye seva, michoro 9 haitokei, inabaki alama ya picha iliyovunjika. Kuna mmoja unatokea ila maelezo yake yamekuwa kisanduku cheusi. PDF tunaitoa kwa Apache FOP, programu ya kutengeneza PDF, hapahapa ofisini. Huko mchoro wa visu pekee ndio unatoka mdogo sana, kwenye kona. Vikundi vya Newala na Masasi vinausubiri mwongozo, na bila mchoro wa visu mtu hawezi kupanga nafasi ya visu. Ikikosewa, kiini kinakatika.

mchora_mikindani:
Mkuu, usianze kuchora upya. Bonyeza picha iliyovunjika kwa kitufe cha kulia, fungua anwani yake kwenye ukurasa mpya, uone jibu. Ukipata 404, faili halipo kwa jina hilo. Ukipata kosa la XML (lugha ambayo SVG huandikwa) lenye namba ya mstari, faili lenyewe ni bovu; mara nyingi ni alama ya & iliyoandikwa peke yake badala ya &. Likishuka kama faili la kupakua, seva haijaambiwa kuwa .svg ni aina ya picha, image/svg+xml. Hili la mwisho silitegemei kwako, maana lingeangusha yote 14.

Dau langu ni 404. Seva nyingi hutumia mfumo wa Linux, na kwake Kisu-02.SVG na kisu-02.svg ni mafaili mawili tofauti. Windows haijali. Weka majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, kisha rekebisha na kwenye kurasa. Windows ikigoma kubadili herufi tu, pitia jina la muda: kisu-x.svg, halafu kisu-02.svg. Tafuta pia "D:" ndani ya kurasa. Njia ya diski (anwani ya faili ndani ya kompyuta yako) inafanya kazi kwenye mashine yako tu.

dada_wa_nachingwea:
Naongezea hayo mawili mengine. Kisanduku cheusi mara nyingi ni maandishi yaliyoandikwa ndani ya fremu kwenye Inkscape ya kabla ya 1.0. Yanahifadhiwa kwa alama ya flowRoot, na brauza haziijui. Chagua maandishi, nenda Text, kisha Convert to Text. Usikimbilie kuyageuza kuwa mistari ya mchoro (path) kabla hujatunza nakala ya asili, maana baadaye hutaweza kusahihisha hata neno moja.

Mchoro wa visu ufungue kwa programu ya maandishi, utazame mstari wa `<svg`. Naamini umepitishwa kwenye programu ya kupunguza uzito wa faili ikafuta width na height (upana na kimo). FOP ikizikosa inatumia kipimo chake chenyewe, kidogo. Andika mfano width="160mm" height="110mm", uwiano wake ulingane na namba mbili za mwisho za viewBox, yaani eneo la mchoro lililoandikwa kwenye mstari huohuo. viewBox yenyewe usiiguse.

fundi_ligula:
Asanteni sana. Yote 9 ilikuwa haipatikani: sita ni 404 za herufi kubwa, tatu ni njia ya D:. Visu sasa vimekaa upana wa ukurasa, na kile kisanduku kimeondoka.

mchora_mikindani:
Safi. Kabla ya kutuma, ufungue mwongozo kwenye simu na uchapishe kurasa mbili steshenari, kisha utoe fotokopi ya hiyo nakala, maana vijijini utafika hivyo. Mistari ya chini ya milimita 0.25, hasa ya kijivu, hufifia hapo. Anza na ule ukurasa wa kinga ya mikono: mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na mchoro huo ukifutika hakuna atakayejua kuwa kulikuwa na onyo.