Detekta ya dhahabu kwa milioni 3.5: Gold Monster mpya, GPX iliyotumika, au hizi za bei chee?

MchangaMwekundu
Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu: mimi, kaka yangu na shemeji yetu. Kaka ana leseni ndogo upande wa Makongolosi, Chunya. Mpaka leo tunachimba kwa kubahatisha. Unaona korongo limekaa vizuri, unateremsha sululu, unaosha kwenye karai, jioni unarudi na vumbi. Jirani anapita na detekta anaokota chenga juu ya udongo uleule tuliokwisha kuukanyaga. Inauma.

Tumechanga milioni 3 na nusu. Mbele yetu kuna njia tatu:

Gold Monster 1000 mpya, tunaletewa kutoka nje. Garrett Goldmaster 24k, nayo mpya, bei iko chini kidogo. Na kuna mtu anauza "GPX 5000" kwa milioni 2 na laki 8, anasema imetumika miezi sita tu, ina begi na koili mbili, yaani zile sahani za kupitisha ardhini. Shemeji anaitaka hiyo ya tatu kufa na kupona. Mwenye uzoefu anisaidie kabla pesa haijatoka mfukoni.

Fundi_Koili
Mkuu, hiyo ya tatu iache kwanza, nitairudia.

Detekta za dhahabu zina koo mbili. Ukoo wa kwanza, VLF, hutuma wimbi mfululizo na kusikiliza linavyorudi. Gold Monster imo humo, kilohezi 45. Goldmaster 24k imo humo, kilohezi 48. Gold Bug 2 ya Fisher, kilohezi 71. Gold Kruzer ya Nokta, 61. Ukoo wa pili ni PI: mashine inapiga pigo la umeme, inakata, halafu inasikiliza ardhini kuna nini kinachoendelea kuitika baada ya kimya. Huko ndiko ziliko GPX zote, SDC 2300 na ATX ya Garrett.

Wimbi la kilohezi nyingi ni kama filimbi. Kitu kidogo sana kinaitika, hata chenga ya kichwa cha kiberiti, lakini halizami. Na udongo wenye chuma kingi unalichosha haraka. PI ni ngoma: inazama, na udongo mwekundu hauisumbui sana. Lakini PI haijui vizuri kutenganisha msumari na dhahabu, kwa hiyo utachimba kila takataka ya mkoloni na ya mjukuu wake.

Swali langu kwako kabla ya mashine: mnachookota kwenye karai ni unga au chenga? Na udongo wenu ni mwekundu kabisa, au kuna kijivu na mchanga wa korongo?

MchangaMwekundu
Korongoni ni mchanga wa kijivu, kokoto na jiwe jeupe. Ukipanda mlimani ni mwekundu wenye vijiwe vyeusi vizito, sumaku inavivuta. Kwenye karai tunapata chenga ndogondogo. Kubwa kuliko zote ilikuwa gramu 1 na pointi, kaka aliiokota baada ya mvua.

Nyarugusu88
Mimi niko Geita na nitasema kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia. Detekta inasikia KIPANDE cha metali. Haipimi jiwe lina gramu ngapi kwa tani.

Sisi tulikodi mashine ya nguvu, tukaishusha kwenye duara, yaani shimo la mgodi, futi sitini, tukapitisha ukutani kwenye mwamba uleule tuliokuwa tunaula. Kimya. Matale yaleyale, yaani mawe ya dhahabu, yakienda karasha kusagwa yanatoa vizuri. Dhahabu yetu imesambaa ndani ya mwamba kama chumvi kwenye ugali, hakuna punje ya kuitika. Tulilipa kodi ya siku tatu kusikiliza ukuta.

Kwa hiyo kama dhahabu ya mtu ni unga, detekta ya aina yoyote ni hasara. Wewe una chenga, una bahati. Chunya ni nchi ya chenga tangu enzi za machimbo ya Lupa, wazungu walianza kuifukuzia dhahabu huko 1922 na miaka ya thelathini watu wakamiminika kwa wingi. Walioosha korongo enzi zile hawakuwa na mashine ya kusikia iliyobaki.

BabaMialo
Wanangu, someni hapa taratibu. Nina miaka mingi kwenye mialo ya kuoshea dhahabu na niliibiwa na mashine hiyohiyo shemeji yako anayoitaka.

Niliuziwa GPX 5000 na mtu aliyekuja na gari, boksi zuri, kitabu cha maelekezo, kila kitu. Tukaijaribu sebuleni kwake. Akarusha pete ya mkewe sakafuni, mashine ikalia vizuri sana. Nikalipa. Kufika porini, siku ya kwanza kavu ilifanya kazi kiasi. Ikanyesha. Koili ikigusa nyasi tu inalia. Ukiigonga kidogo kwenye kisiki inalia. Ukinyanyua juu inalia. Nilichimba mashimo mpaka kijana wangu akasema, "Baba, hii inatafuta maji." Baadaye aliyefungua akanionyesha ndani: solda zimemwagwa kama uji.

Feki za GPX zimejaa Afrika, na zina historia. Mwaka 2011 wezi wa mitandao waliingia kwenye kompyuta za kampuni ya Codan ya Australia, ndiyo mama wa Minelab wanaotengeneza GPX, wakachukua michoro. Ofisa wao alikuwa ameunganisha kompyuta kwenye intaneti ya hoteli huko China. Muda si mrefu feki zikawa zinauzwa huku kwetu kwa bei ya kutupa, na wenyewe wakalazimika kushusha bei. Faida yao ilianguka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi milioni 9 na kidogo ndani ya mwaka mmoja, ule ulioishia Juni 2014. Kama waliotengeneza waliumia hivyo, mimi na wewe ni nani?

GPX 5000 halali haijawahi kuwa mashine ya watu wa milioni 2 na laki 8. Ilikuwa inauzwa maelfu ya dola. Hata iliyochoka, mwenye nayo ya kweli anajua thamani yake.

DirishaLaBahati
Wakuu msihangaike na koili. Ninayo mashine ya antena mbili, masafa marefu, inaonyesha dhahabu kuanzia mita 500 na kina cha mita 30, ina skrini ya picha. Njoo inboksi bei ya maelewano.

Fundi_Koili
Hapana. Antena zile ni vijiti vya mganga vilivyowekewa betri. Kwa kitu cha gramu moja hata PI ghali kabisa inahesabu kwa sentimita. Anayekutajia mita 30 muulize mbona yeye anauza mashine wakati dhahabu inamwita kutoka mita 500.

JaMigori
Haha, hata huku Migori hao wako. Jamaa mmoja aliletewa hiyo ya antena, ikaelekeza kwa choo ya jirani. Wakachimba.

Mimi natumia Gold Bug 2, ya kitambo, hakuna skrini, ni vifundo tu vya kuzungusha. Niliinunua mtumba. Kwa chenga ndogo sioni kitu inaishinda, hata zile huwezi kushika na vidole. Lakini lazima usawazishe ardhi mwenyewe, yaani kuizoesha mashine isilie kwa udongo wenyewe, kila ukitembea hatua chache, na mahali kuna mawe ya chuma inakuchanganya kabisa. Kama hujawahi kushika detekta, itakukatisha tamaa wiki ya kwanza. Ndugu yangu mdogo ana Gold Monster na alianza kupata siku ya pili, maana ile inajisawazisha yenyewe. Ukitaka kujifunza pole pole, Bug. Ukitaka kula mapema, Monster.

MchangaMwekundu
Asanteni sana. Mzee BabaMialo, shemeji amesoma, amenyamaza. Sasa kati ya Gold Monster na 24k? Mbona hamuitaji 24k?

Fundi_Koili
Kwa sababu tofauti yake na Monster si kubwa kama wauzaji wanavyotaka iwe. Asili ya 24k ni kampuni ya White's ya Marekani. White's ilifunga 2020, Garrett akachukua michoro na kuitoa upya kwa jina lake. Inakupa vitu vingi vya kurekebisha mwenyewe: namna ya kusawazisha ardhi, sauti, namba za kutambua metali kwenye skrini. Ukiijua utaifurahia.

Monster ni ya mtu anayetaka kuwasha na kutembea. Usikivu una ngazi 1 hadi 10 na mbili za kujiendesha. Kuna sehemu ya kusikia metali zote na sehemu ya kukataa chuma. Hapo kwenye kukataa chuma kuwa mwangalifu: kwenye udongo mwekundu chenga iliyozama inaweza kufanana na kijichuma, mashine ikainyamazia. Mimi nasikiliza zote na kuchimba zote. Inakuja na koili mbili, ya mviringo ya inchi 5 na ya yai ya 10 kwa 6. Huko nje bei yake ni kama dola 1,000, kisha ongeza usafiri na ushuru. Milioni 3.5 yenu inabaki na chenji kidogo, na chenji hiyo mtaihitaji.

Kwa korongo lenu la mchanga wa kijivu, Monster. Kwa ule mlima mwekundu, ukweli ni kwamba VLF yoyote itawapigia kelele. Mlima usubiri mpaka mpate pesa ya PI. Kama korongo linashika maji, fikirieni na Gold Kruzer, ile inazama majini mpaka mita 5. Monster koili inavumilia maji lakini kisanduku chake hakitaki.

ChubwiTanga
Mimi wa pwani, nilikuja Chunya kibarua nikabaki. Namna ya kujaribu mashine bila kuwa na dhahabu: chukua chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi wa kuvulia. Risasi inaitika karibu sana na dhahabu. Kata vipande, kimoja kama punje ya mchele, kimoja kama harage. Mwambie muuzaji mwende NJE, kwenye udongo wenu wenyewe, si sakafuni. Wewe ufukie yeye akiwa amegeuka. Yeye apitishe koili akuonyeshe vilipo. Aliyekataa mtihani huo, shika njia.

Na namba ya mashine iandike, uwaulize wenye kampuni kupitia tovuti yao kabla hujalipa. Hata Gold Monster feki zipo, msidhani ni GPX tu.

BabaMialo
Chubwi! Ningekukuta wewe mwaka ule ningekuwa na ng'ombe zangu bado.

Niongeze ya porini. Chenji inayobaki nunueni hedifoni nzuri, maana sauti ya chenga ni mnong'ono, upepo ukivuma hamuisikii. Simu iacheni kambini au mpeni anayetembea nyuma. Buti za chuma puani vueni. Kwenye mpini wa sululu fungeni sumaku ya spika mbovu: mnachimba, mnapitisha sumaku kwenye udongo uliotoka, msumari unajishika wenyewe, mnaokoa muda. Koili ipitishwe taratibu, ikikaribia kugusa ardhi, mtembee kama mtu anayefyeka na panga butu. Vijana wanakimbia na koili kama wanafukuza inzi, kisha wanasema eneo halina kitu.

Na kuchimba: chenga ya gramu moja kwa mashine ya ukoo wa Monster msitegemee mbali kuliko kiganja kimoja. Kwa hiyo kwaruzeni kwanza udongo wa juu, pitisheni koili, kwaruzeni tena. Mkifika kwenye mwamba wa chini ya korongo, safisheni nyufa zake kwa kijiti. Dhahabu ni nzito, inapenda kulala kwenye ufa.

Nyarugusu88
Leseni ya kaka hakikisheni iko hai na mipaka mnaijua. Leseni ndogo ni miaka 7 na haizidi hekta 10, na mtu wa detekta anasahau mpaka haraka sana akishasikia mlio. Mkitoka nje ya vigingi mkaingia kwa jirani au msitu wa hifadhi, mashine ndiyo ya kwanza kukamatwa. Mkipata, pelekeni soko la madini pale Chunya. Wa kununua porini ana mzani wake.

MchangaMwekundu
Narudi na mrejesho baada ya wiki tano.

Yule wa GPX nilimwambia tukutane kwenye leseni yetu na chubwi. Alikubali, asubuhi yake akasema gari limeharibika, mchana simu haipatikani. Tumeagiza Gold Monster, namba yake tumehakiki, imefika Jumanne. Siku ya kwanza: misumari saba, vizibo vya bia vinne, ganda la risasi moja, kipande cha sufuria. Shemeji akaanza kucheka. Siku ya pili saa nne asubuhi, kwenye ufa wa mwamba pale korongo linapokata kona, mlio mdogo mno, nikadhani ni koili imegusa jiwe. Pointi 4 za gramu. Kabla ya jioni nyingine mbili, jumla gramu 1 na pointi 1. Yote mahali ambapo tulishaosha mwaka jana.

BabaMialo
Hongereni wanangu. Mlitumia koili ipi?

MchangaMwekundu
Ndogo, mzee, ile ya inchi 5.

BabaMialo
Basi kesho wekeni kubwa mrudie palepale. Na hiyo kona chimbeni kwenda juu ya korongo, msiende chini.