Naomba ushauri: Frank Zappa ana albamu kibao, mtu asiyejua roki aanzie wapi?

FundiAmpli
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa redio na spika, muziki wangu miaka yote ni rumba. Juzi mteja kaniletea amplifaya, kwenye begi kasahau flashi. Nikaichomeka nipime mzigo. Folda 70 na ushee, zote za mtu mmoja: Frank Zappa, Mmarekani.

Nikaanza na ya zamani kuliko zote, Freak Out! ya 1966. Mwanzo hauna neno, vijana wanaimba kwa kuitikiana, nikaiacha iendelee huku nachomelea waya. Kufika mwisho, dakika 12 za ngoma, kelele na watu wanaobweka. Nikazima umeme mbio nikijua transista zimekwenda. Nikafungua, nikapima moja moja, zote nzima. Kumbe ndivyo wimbo ulivyo!

Nikaruka folda: muziki wa kompyuta tupu. Nyingine okestra. Nyingine jamaa anatukana. Huyu ni mtu mmoja au ukoo mzima? Mteja kasafiri, anarudi mwisho wa mwezi. Sitaki utaalamu, nataka tu mlango wa kuingilia.

Ngoja Nipite
Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

Mzee wa Santuri
Pole fundi, umeingilia chooni ukadhani ndiyo sebule. Ni mtu mmoja. Alifariki Desemba 1993 akiwa na miaka 52, tayari katoa albamu zaidi ya 60, na familia ikaendelea kutoa kutoka kwenye kanda alizoacha mpaka zikapita 100. Alikuwa anarekodi karibu kila onyesho. Kwa hiyo futa kabisa wazo la kumaliza.

Kosa lako ni kufuata miaka. Franco mwenyewe hukumwanzia 1956! Ulimkuta katikati, labda kwenye Mario, ndipo ukarudi nyuma. Zappa naye msikilize kwa bendi. Kila alipobadilisha wapigaji, muziki ulibadilika.

Fungua folda ya Hot Rats, 1969. Alikuwa ametoka kuvunja bendi yake, Mothers of Invention. Nyimbo 6, na kuimba kupo kwenye mmoja tu, kwa hiyo Kiingereza hakitakusumbua. Wimbo wa kwanza, Peaches en Regalia, ni dakika tatu na nusu tu. Humo Ian Underwood kapiga vinanda, filimbi na saksafoni, yote yeye, tabaka juu ya tabaka, kwa mashine ya traki 16, yaani inayorekodi sauti 16 kila moja kwa njia yake, ambayo enzi hizo ilikuwa ngeni kabisa. Wewe fundi utaielewa kuliko sisi.

Ile ya kompyuta bila shaka ni Jazz from Hell, 1986. Ilimpa tuzo ya Grammy, ila iache kwanza.

Pweza Mkavu
Mzee, heshima yako, lakini unamnyima mtu utamu. Zappa bila vichekesho ni pilau bila bizari. Anzia Apostrophe, 1974, ndiyo iliyopanda juu kuliko zake zote kwenye chati za Marekani, namba 10. Inafungua na mtu anayeota kuwa Mweskimo, mama yake anamkanya asile theluji ya manjano. Rangi imetoka wapi? Mbwa wamepita hapo. Basi!

Tahadhari moja: albamu ya Joe's Garage usiifungulie ukumbini wakwe wakiwepo. Matusi yamo. Ila karibu na mwisho kuna Watermelon in Easter Hay, gitaa tupu la taratibu. Isikilize usiku.

Binti Gitaa
Kaka FundiAmpli, hao wote wako sahihi, ila mpenzi wa rumba mimi ningempeleka One Size Fits All ya 1975. George Duke yuko kwenye kinanda na anaimba, Ruth Underwood kwenye marimba. Dada huyo anapiga vipande ambavyo mpiga gitaa mzoefu anatoka jasho kuvifuata, na bado vinacheza.

Halafu nakupa kazi ya kifundi. Wimbo wa kwanza, Inca Roads, gitaa la solo katikati lilipigwa Helsinki, kwenye onyesho la 1974, likakatwa na kupachikwa kwenye rekodi iliyofanyika Marekani. Vaa hedifoni utafute kiungo.

Mzee, kwenye matusi usimtetee. Nyimbo zake kadhaa kuhusu wanawake mimi naruka, na sijawahi kujuta.

Mzee wa Santuri
Hapo sina utetezi, dada.

FundiAmpli
Narudi na mrejesho. Hot Rats nimeimaliza, Peaches nimeirudia mara nne, hadi mtoto wa jirani anaipiga mluzi. Willie the Pimp, ule mmoja wenye kuimba, mwimbaji ana koo kama msasa, lakini gitaa likianza kutembea baada yake unasahau kazi. Theluji ya manjano nilimweleza mke wangu, hakucheka.

Inca Roads nimetafuta kiungo tangu saa mbili usiku hadi saa sita. Nimeweka spika, nimeweka hedifoni, sijakiona. Marimba sasa ndiyo naitumia kupimia twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, maana ikikwaruza kidogo tu unaisikia.

Mteja karudi mapema, kapiga simu asubuhi anataka amplifaya yake. Nimemwambia bado naipima.