Watangazaji wetu wa kikapu mnatuuzia majina ya zamani wakati ligi imeshachukuliwa na vijana. Inatosha!

Wakuu salaam,

Sikupanga kufungua uzi wiki hii ya sikukuu. Ila nilichokisikia redioni asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2025, nikiwa kwenye daladala naenda kazini, kimenikaba kooni mpaka leo, na nisipokitema hapa nitaingia nacho 2026.

Kilikuwa kipindi cha michezo. Mtangazaji simtaji, kituo sikitaji, mwenye kusikiliza anajua. Mwenzake akamwuliza matokeo ya Krismasi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Jamaa akaongea zaidi ya dakika kumi: LeBron wa Lakers amechoka, LeBron atastaafu lini, LeBron na mwanawe, Curry wa Golden State Warriors bado anazirusha. Akaulizwa, "Na hao Oklahoma wamefungwa na nani?" Akajibu kwamba hizo ni timu za watoto, hazina majina, NBA siku hizi imekufa. Wakaingia kwenye matangazo ya biashara.

Timu za watoto! Hao watoto ndio mabingwa wa 2025. Oklahoma City Thunder walishinda mechi 68 wakapoteza 14 msimu wa 2024-25, wakawafunga wapinzani kwa wastani wa karibu pointi 13 kila mechi, tofauti kubwa kuliko ya timu yoyote katika historia ya ligi hiyo. Shai Gilgeous-Alexander akawa mfungaji bora, MVP (mchezaji bora) wa msimu na MVP wa fainali, vyote mwaka mmoja. Msimu huu wa 2025-26 walianza kwa kushinda mechi 24 kati ya 25 za mwanzo. Na waliowasimamisha ni watoto wengine, San Antonio Spurs ya kijana Wembanyama: 111-109 kule Las Vegas tarehe 13 Desemba, wakarudia tarehe 23, wakarudia Krismasi yenyewe. Mara tatu ndani ya wiki mbili! Hiyo ndiyo habari kubwa ya kikapu duniani mwezi huu, na mtu anayelipwa mshahara kuijua hakuijua.

Kilichoniuma zaidi ni siku yenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tunaoufuatilia mchezo huu tunaishi kama popo. Mechi ya saba ya fainali, Juni, niliitazama kuanzia saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, simu mkononi, bando la usiku linahesabu, sauti nimeizima nisiamshe watoto, na saa moja nilitakiwa kazini. Krismasi ni moja ya siku chache sana ambazo mechi kubwa zinachezwa tukiwa macho. Spurs na Thunder walianza saa nne na nusu usiku. Mtu unakula pilau, unakaa sebuleni na familia, unatazama kikapu cha kiwango cha juu kabisa kama binadamu wa kawaida. Nilimwita mdogo wangu aje kumwona Wembanyama, akaacha simu yake akakaa mpaka mwisho. Asubuhi anafungua redio anaambiwa alichokiona hakina maana.

Wenye umri wangu watakumbuka mimi na Oklahoma tulikutanaje. Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009 (zamu ambapo timu huchagua vijana wapya), na Memphis. Wa tatu, palepale baada yake, akachukuliwa James Harden na Oklahoma. Kufika 2012 Hasheem mwenyewe akatua Oklahoma, akakaa misimu miwili, na wengi wetu tukaanza kuamka usiku kuitazama timu hiyo kwa sababu yake, hata kama alikuwa anapewa dakika chache. Kwa hiyo mtu asiniambie Oklahoma ni timu ya porini isiyotuhusu. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA alivaa jezi ile.

Na hapo ndipo nilipojifunza uchungu wa kupenda timu changa. Juni 2012 Durant, Westbrook na Harden wa Oklahoma, wote wakiwa vijana wadogo, walifika fainali wakafungwa na Miami 4-1. Tukasema hawa wana miaka kumi ya kutawala. Oktoba mwaka huohuo uongozi ukashindwana na Harden kuhusu mkataba, akapelekwa Houston. Wote watatu baadaye wakawa MVP: Durant 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Ubingwa waliouchukua pamoja ni sifuri. Nilikasirika mwaka ule na sijapoa kabisa.

Sasa mnapoiona Thunder hii mkasema imeokotwa, mnajua ilivyojengwa? Julai 2019 nyota wao Paul George aliondoka kwenda Clippers. Oklahoma ikapewa Shai, wakati huo kijana wa miaka 20 ambaye watu wengi huku walikuwa hawamjui, na lundo la nafasi za drafti. Moja ya nafasi hizo ikaja kumleta Jalen Williams 2022, chaguo la 12, yuleyule aliyefunga pointi 40 kwenye mechi ya tano ya fainali akiwa na kano iliyochanika kwenye kifundo cha mkono. Katikati hapo walipigwa mpaka basi. Tarehe 2 Desemba 2021, bila Shai, Memphis waliwafunga 152-79. Pointi 73! Hakuna timu ya NBA iliyowahi kufungwa kwa tofauti hiyo. Miaka mitatu na nusu baadaye wanabeba kombe, kikosi chenye wastani wa umri wa miaka 25 na ushei, mabingwa wadogo zaidi tangu Portland ya 1977. Kama hiyo si hadithi ya kusimulia kwenye redio asubuhi, mnasubiri hadithi gani?

Tuje Detroit, maana hapa ndipo nachemka.

Msimu wa 2023-24 timu yao, Pistons, walipoteza mechi 28 mfululizo. Mlikumbuka kuwataja! Kila ukurasa wa michezo wa Kiswahili uliweka picha yao kuwacheka, mpaka walipowafunga Toronto 129-127 mwishoni mwa Desemba. Walimaliza na ushindi 14 tu. Msimu uliofuata, akaja kocha J.B. Bickerstaff, nyota wao Cade Cunningham akakaza, wakashinda 44, zaidi ya mara tatu ya ule wa nyuma. Hakuna timu iliyowahi kufanya hivyo. Kurasa zilezile zikanyamaza kimya. Msimu huu wameshinda 13 mfululizo, wakaifikia rekodi ya klabu yao, na kufika Krismasi ya 2025 walikuwa wanaongoza Kanda ya Mashariki. Kimya. Yaani mtu akianguka mnakuja na kamera, akisimama mnazima taa. Huo ni uandishi gani wa michezo?

Mapacha wa Thompson mnawajua? Amen alichaguliwa wa nne 2023 akaenda Houston, Ausar wa tano akaenda Detroit. Wangezaliwa Shinyanga wangeitwa Kulwa na Doto, na mngewafanyia makala. Timu zote mbili walikoenda zilikuwa jalala wakati huo. Houston walishinda 22 tu msimu wa 2022-23, wakaja 41, wakaja 52. Leo mnawataja kwa sababu moja tu, wamemnunua Durant. Kazi yote ya Amen na mwenzake Şengün kabla ya hapo haikuwahi kusikika hewani.

Najua mtasema ligi yenyewe ndiyo inatangaza hao wakubwa, nyinyi mnafuata. Ni kweli ligi ina makosa, na hapo siitetei hata kidogo. Chukueni ratiba ya Krismasi ya 2024: Lakers na Warriors wapo, Philadelphia wapo, Phoenix wapo. Philadelphia walimaliza msimu ule na ushindi 24. Phoenix hawakufika hata mtoano. Cleveland walioanza msimu kwa kushinda 15 mfululizo wakamaliza na 64, hawakuwekwa. Oklahoma waliomaliza na 68, hawakuwekwa. Indiana hawakuwekwa. Someni tena polepole: timu zote mbili zilizocheza fainali ya Juni 2025 hazikuonyeshwa Krismasi. Na mwaka huu wamerudia kwa Detroit. Vinara wa Mashariki wamekaa nyumbani, sisi tukawekewa Dallas na Golden State.

Lakini ligi inauza jezi, ina sababu zake. Wewe mtangazaji wa hapa una sababu gani? Huuzi jezi ya Lakers. Hakuna anayekulipa kumtaja LeBron. Ni uvivu tu. Ulijifunza majina matano 2016 na unayala mpaka leo. Ni sawa na Azam walivyochukua ubingwa wa Bara 2014 bila kupoteza mechi hata moja, halafu mtu atumie kipindi kizima kuzungumzia Simba na Yanga wanamsajili nani. Ungekubali?

Na hiyo kauli ya "NBA imekufa" naikataa kwa namba. Kuanzia 2019 mpaka 2025 tumepata mabingwa saba tofauti miaka saba mfululizo: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma. Haijawahi kutokea kwenye ligi hiyo. Indiana walianza msimu wa 2024-25 kwa ushindi 10 na vipigo 15, wakaishia mechi ya saba ya fainali, na kama kano ya kisigino ya nyota wao Haliburton isingekatika robo ya kwanza huenda tungekuwa tunazungumza mengine. Fainali ileile, mechi ya kwanza, Haliburton alifunga ikiwa imebaki sehemu tatu za kumi za sekunde. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaamka. Na mtu anasema imekufa!

Kama mnataka cha kulalamikia kwa haki, lalamikieni kanuni za fedha za 2023. Kile kizingiti cha pili cha mishahara, yaani kikomo cha juu cha jumla ya mishahara ya timu, kinazibana timu zilizokuza vijana wao wenyewe. Ukikivuka huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kununua mmoja, na nafasi yako ya drafti ya mbele inafungiwa. Boston walichukua ubingwa 2024, mwaka mmoja baadaye wachezaji wao Holiday na Porzingis wameshauzwa. Oklahoma nao Julai 2025 walisaini mikataba mikubwa kabisa, Shai peke yake dola milioni 285 kwa miaka minne, na wenzake Chet na Jalen juu yake. Siku si nyingi bili itafika. Nawaza 2012 kila siku. Ndiyo maana nasema watu waitazame timu hii sasa hivi, wakati bado ipo nzima, badala ya kusubiri ivunjwe halafu tuje kuoneshwa vipande vya kumbukumbu.

Jumamosi huwa nasaidia kufundisha watoto kwenye uwanja mmoja wa mtaani. Sakafu imepasuka, nyavu hakuna. Wapo kama ishirini. Nusu yao wanarusha kutoka katikati ya uwanja kwa sababu wamesikia Curry, Curry, Curry. Wiki iliyopita niliwaonyesha kwenye simu jinsi Oklahoma wanavyokaba, Caruso na Dort wanavyopiga hatua za pembeni bila kuvukisha miguu, mkono mmoja uko kwenye njia ya pasi. Binti mmoja wa miaka kumi na mbili akaniuliza, "Mwalimu, hawa ni kina nani, mbona hatujawahi kuwasikia?" Nikakosa la kumjibu.

NYONGEZA, saa nane mchana:

Nimesoma michango yenu. Aliyesema Shai anabebwa na marefa kwa mipira huru (ile mitupo ya bure baada ya faulo): msimu aliochukua MVP, Giannis wa Milwaukee alipewa mipira huru mingi zaidi kwa mechi kuliko yeye. Mbona Giannis hamsemi? Kwamba Shai anaanguka sana ni kweli, hata mimi ananiudhi, lakini pointi 32.7 kwa mechi hazitoki kwenye kuanguka.

Aliyeuliza kama namchukia LeBron: simchukii. Nimemtazama tangu 2003, nimemheshimu tangu 2003. Hoja yangu haimhusu yeye, inamhusu anayeshika maikrofoni.

Na wewe uliyesema unafanya kazi kwenye kituo kimojawapo na kwamba "wasikilizaji hawazijui hizo timu", ndugu yangu, soma tena ulichokiandika. Wazijue kupitia nani?