Mjadala: "Sleep" ya Max Richter ni kazi kubwa au ni usingizi tu?

Kinanda_Tanga: Wadau, tuijadili "Sleep", albamu ya mtunzi Max Richter ya mwaka 2015. Inazidi masaa 8: piano, fidla, selo, sauti ya mwanamke isiyotamka neno, na mitambo ya kielektroniki ikinguruma chini. Mwenyewe alisema ni wimbo wa kubembeleza, watu walale nayo. Wahakiki waligawanyika. Wapo walioiona kazi kubwa ya zama hizi, wapo walioona ni pambo la ukutani. Mimi niko na wa kwanza. Nyie?

Chuma_cha_Pua: Kazi kubwa ipi? Mhakiki aliyelala saa ya pili anahakiki nini? Mambo ni yaleyale yanazungushwa mpaka asubuhi. Na muziki usio na maneno ni wa watu wasio na la kusema.

Dada_wa_Zamu: Hilo la mwisho limeniudhi. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto njiti. Nikitoka zamu, mlio wa mashine nafika nao nyumbani, ti, ti, ti, mpaka kitandani. Naweka ile fupi ya lisaa limoja, "From Sleep". Noti moja ya piano inakaa mpaka inafifia, ndipo inakuja nyingine. Mwisho wake sijawahi kuufikia, na ndicho alichokusudia mtunzi.

Chuma_cha_Pua: Dada, pole na kazi, sikukulenga wewe. Lakini dawa ya usingizi na sanaa ni vitu viwili.

Fundi_Redio: Nani kakwambia? Mwanamuziki Brian Eno mwaka 1978 alitoa albamu ya "Music for Airports", akaandika wazi kwamba muziki wa namna hii lazima uweze kupuuzwa kama unavyoweza kuvutia. Leo inahesabiwa msingi wa aina nzima ya muziki. Na hii ya Richter, BBC Radio 3 waliirusha mubashara kutoka London, wasikilizaji wako vitandani, kuanzia saa 4 usiku.

Kinanda_Tanga: Saa 6 usiku mpaka saa 2 asubuhi, kaka.

Binti_Mji_Mkongwe: Turudi kwa huyu wa "wasio na la kusema". Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, ipo Unguja tangu 1905. Kabla mwimbaji hajasimama inapigwa bashraf, ala tupu: kanuni, udi, fidla, neno hakuna hata moja. Nao hawana la kusema?

Chuma_cha_Pua: Bashraf ni ya kufungulia. Watu wanamsubiri mwimbaji.

Binti_Mji_Mkongwe: Unamsubiri wewe! Babu yangu alikuwa akiifuata bashraf. Ikiisha, anatoka nje kuvuta hewa.

Chuma_cha_Pua: Taarab ni mashairi, bibie. Toa maneno uone kama kuna atakayetunza.

Binti_Mji_Mkongwe: Kwa hiyo thamani ya muziki ni pesa za kutunza? Usitufundishe taarab sisi tuliolelewa ndani yake.

Kinanda_Tanga: Jamani, albamu.

Chuma_cha_Pua: Haya, albamu. Mnasema ni wimbo wa kubembeleza. Wimbo gani wa kubembeleza usio na maneno? Mama humwambia mtoto nyamaza, baba anakuja.

Dada_wa_Zamu: Wiki iliyopita nilikuwa na mama, mtoto wake gramu 1,200, kamlaza kifuani ngozi kwa ngozi. Alikuwa akivumisha tu, mdomo kaufumba, noti tatu zilezile, karibu lisaa zima. Nikainama nisikie anaimba nini. Hapakuwa na neno. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeshika uzi wa kanga, vikalegea kimoja kimoja. Kaka Chuma, yule naye hana la kusema?

Chuma_cha_Pua: Yule mama sina neno naye. Ila bashraf ni ya kufungulia, hapo sirudi nyuma.