Mama amevunjika pingili ya mgongo, fizio anataka afanye mazoezi. Tuendelee au nimpumzishe?

Mwana wa Pongwe (mleta mada): Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 74, yuko Tanga. Mwezi uliopita alipanda bajaji kutoka sokoni, dereva akapita tuta bila kupunguza mwendo, mama akarushwa akatua kitini. Basi, ni hivyo tu. Hakuanguka wala hakugongwa. Eksirei ikaonyesha pingili moja, pale mgongo unapokaribia kiuno, imebonyea kwa mbele. Daktari akasema mifupa imepungua nguvu, akampa dawa za maumivu na mkanda, akamtuma kwa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyo fizio, kijana mdogo tu, anataka mama afanye mazoezi. Mtu amevunjika! Mguu ukivunjika si unafungwa hogo unatulia? Nishaurini, sina amani kabisa.

Shangazi Makorora: Pole mwanangu. Mpe mama dagaa na maziwa. Marehemu mama yangu alikula dagaa mpaka uzeeni, na alikuwa anapalilia mwenyewe. Halafu huko Tanga mama anaishi na nani? Wewe una mke?

Kobe Mwendo: Tuanze na dereva. Mimi bodaboda alinirusha kwenye tuta hapa Mbagala, nikamwambia punguza, akanijibu "mzee hukukaa vizuri". Kiuno kinaniuma hadi leo na nauli nililipa.

Fizio wa Zamu: Mleta mada, hii ndiyo kazi yangu. Pingili haifungwi hogo. Siku za mwanzo apumzike kwa vipindi, lakini kulala kutwa nzima kunamaliza misuli na kunazidi kula mfupa. Kwa wengi maumivu hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12. Mazoezi ya mwanzo ni madogo mno: analala chali, magoti ameyakunja, anakandamiza mabega kwenye godoro huku anapumua kawaida, anaachia. Baadaye anajifunza kuinuka kwenye kiti kwa nguvu za miguu. Marufuku ni kuinama kugusa vidole, au kulala chali na kunyanyua kifua kama kuruta.

Mwaka 1984 hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani walitoa utafiti wa wanawake 59 wenye mifupa ya hivi. Kundi la mazoezi ya kukunja mgongo kwa mbele, asilimia 89 walipata pingili nyingine zilizobonyea. Kundi la kunyoosha mgongo, asilimia 16. Ni utafiti mdogo na wa zamani, ila sijaona sababu ya kuupuuza. Na nisikudanganye kwamba fizio ni muujiza: Uingereza mwaka 2019 walitoa utafiti wa watu 615 waliovunjika pingili hivi, na baada ya mwaka mmoja waliohudhuria vipindi kadhaa hawakuwapita waliopewa kipindi kimoja cha maelekezo.

Sasa jibu: mama anatumia dawa gani nyingine? Na kuna mtu mwingine ameugusa huo mgongo?

Mwana wa Pongwe: Kumbe hata wewe unakiri mazoezi hayasaidii. Ndicho nilichokuwa nasema.

Fizio wa Zamu: Sijasema hivyo. Na hujajibu.

Bi Ufagio: Mwanangu, mimi yamenikuta. Kutoka kitandani nilifundishwa nigeuke mzima mzima kama gogo, kisha nishushe miguu, ndiyo nisukume kwa mkono. Ufagio wa chelewa nikaufunga mpini mrefu. Kilichoniuma ni kuswali kwenye kiti, nilijiona nadekea, mpaka imamu aliponiambia mgonjwa anaswali anavyoweza. Mama anaswalije?

Mwana wa Pongwe: Anaswali kitandani. Haya, niseme. Dawa ni predinisoloni, anajinunulia dukani kwa ajili ya pumu, miaka mingi sasa. Na mazoezi tuliacha wiki iliyopita. Kuna mzee anakanda, anasifika sana. Alimlaza kifudifudi, akamvuta, pingili ikalia "ka!", akasema imerudi. Jumamosi anamalizia. Msinishambulie, huyu mzee amewanyanyua watu waliokuwa wanabebwa, na nusu ya hela nimeshatuma.

Fizio wa Zamu: Hiyo predinisoloni inaweza kuwa ndiyo iliyokula mfupa. Usimkatishe ghafla, ni hatari, mpeleke daktari apange. Na pingili iliyobonyea hairudishwi kwa kuvutwa.

Mzee wa Vikombe: Chai hii. Mtu anavunjika mgongo kwa tuta? Mwanzo umetuuliza fizio, sasa "mzee anasifika sana". Tangazo la mganga hili, subirini namba ya simu.

Kobe Mwendo: Chai au si chai, hiyo namba itume inboksi. Kiuno changu hakisomi utafiti.

Shangazi Makorora: Hata mimi nimeshtuka. Mwanamume mzima anayejali mama yake angekuwa Tanga saa hizi, si humu.

Mwana wa Pongwe: Tangazo gani! Niko Dar kazini, mama yuko na dada yangu. Sitaji jina la mzee wala namba. Aliyeniona mwongo apite.

Fizio wa Zamu: Tuta linatosha, Mzee wa Vikombe. Mfupa ukishakuwa hivyo, hata kukohoa kunatosha. Tena pingili ikibonyea, TB ya mifupa na saratani nazo ziangaliwe. Mleta mada, mpigie dada sasa hivi: mama ana ganzi miguuni au sehemu za siri? Miguu inalegea? Mkojo anauhisi?

Mwana wa Pongwe: Nimempigia. Mkojo sawa. Ganzi ipo, mguu wa kushoto, tangu siku aliyokandwa. Dada anasema mzee aliwaambia ni damu inafungua njia.

Fizio wa Zamu: Apelekwe hospitali leo usiku. Alale chali kwenye gari, si bajaji.

Mwana wa Pongwe: Jumamosi ni keshokutwa tu, mkuu. Na hela je?

Bi Ufagio: Hela muachie huyo mzee anywee kahawa. Mwambie dada akodi gari.

Mwana wa Pongwe: Dada anatafuta teksi.

Mzee wa Vikombe: Chai ina tangawizi.

Mpita Njia: Samahani, sijasoma yote. Huo mkanda mlinunua bei gani?